Ini la Baba Yako Si Ini Lako

Watu wanaoichunguza dini ya Islam hutuuliza mara kwa mara swali ambalo si la ubishi, bali latoka moyoni. Husema: "Baba yangu alikunywa pombe mpaka uzeeni, wala hakuugua ini. Kwa nini basi sheria iwe moja kwa watu wote?" Swali hili lastahili jibu la haki, maana wayasemayo yaweza kuwa kweli tupu. Hata Qurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, haikukana kwamba ulevi una manufaa fulani. Imebainisha tu kuwa dhambi yake yazidi manufaa yake.

Mtu anywapo pombe, kazi ya kuivunja huliangukia ini. Kimeng'enya cha kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, nayo ni sumu. Kimeng'enya cha pili huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, kitu chenye nasaba na siki. Vimeng'enya hivi hutengenezwa kwa maagizo ya urithi tuliyoyapokea kwa baba na mama, na maagizo hayo hayalingani kwa watu wote.

Katika Japani, karibu watu 4 katika kila 10 wana kimeng'enya cha pili kilicho dhaifu, na wako wengi vivyo hivyo katika China na Korea. Mwaka 1984 Akira Yoshida na wenzake walionyesha kuwa kasoro hiyo ni badiliko la kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu wa protini. Mtu wa namna hiyo akionja kidogo, uso huwa mwekundu, moyo humwenda mbio na kichefuchefu humshika. Madaktari wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walieleza mwaka 1948 juu ya disulfiramu, dawa inayomtia mnywaji katika hali hiyo hiyo kusudi aache.

Je, kizuizi hiki cha mwilini kilitosha? La! Katika Japani, miongoni mwa walevi waliotibiwa, wenye kimeng'enya hicho dhaifu walikuwa asilimia 2.5 mwaka 1979. Kufikia mwaka 1992 walikuwa asilimia 13. Damu ya taifa haibadiliki kwa miaka 13. Kilichobadilika ni desturi za watu. Mtu alihisi sumu mwilini mwake, naye akanywa. Na watu hawa hasa, wakinywa, hatari yao ya saratani ya umio huwa kubwa kuliko ya wengine.

Basi tumwangalie na yule asiyeona wekundu wala kichefuchefu, ambaye hujisifu kuwa pombe haimwezi. Miongoni mwa wanywaji wakubwa, karibu 9 katika 10 hupata mafuta katika ini, lakini ni 1 au 2 tu katika 10 ambao ini lao hufikia kujaa makovu na kusinyaa. Ni nani hao? Mwaka 2010 wataalamu walionyesha kuwa badiliko katika jeni iitwayo PNPLA3 huongeza hatari hiyo. Mwenye badiliko hilo hana alama usoni, na ini halilii mapema: laweza kuharibika miaka mingi bila maumivu. Tena mwana hakurithi kwa baba peke yake. Nusu ya urithi wake yatoka kwa mama, ambaye pengine hakuonja pombe hata siku moja.

Hapo ndipo hekima ya sheria moja inapoonekana. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kuwa kinacholevya kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Hakumwachia kila mtu ajipime kwa kikombe.

Kwa ndugu aliyeingia katika Islam baada ya kunywa kwa miaka mingi, asikate tamaa. Mafuta ya ini mara nyingi huondoka baada ya majuma machache ya kuacha kabisa. Makovu ndiyo magumu kuondoka. Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku aende kwanza kwa daktari, maana kuacha ghafla kwaweza kumletea kifafa na hata kifo. Kutafuta msaada huo si udhaifu wa imani.