Guka Wako Amefika Wapi?

Kila siku, ikikaribia saa kumi na mbili jioni, Cucu huuliza swali lile lile: "Guka wako amefika wapi?" Guka tulimzika 2011, hapa hapa Theta. Kaburi lake unaliona ukisimama kwenye dirisha la jikoni.

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Alilia kama mtu aliyepigiwa simu dakika hiyo, akauliza mbona hakuna aliyemwita mazishini. Baada ya nusu saa alikuwa amesahau kabisa nilichosema, lakini huzuni haikutoka. Alikataa uji. Alikaa akivutavuta sweta yake, na nilipomuuliza kuna nini, akasema hajui.

Hiyo "hajui" ndiyo iliyonifanya nianze kusoma.

Daktari alikuwa ametuambia huenda ni Alzheimer. Katika ugonjwa huo protini mbili ndizo hulaumiwa sana. Amiloidi hujikusanya nje ya niuroni ikawa mabonge. Tau, ambayo kazi yake ni kuimarisha vijia vya kusafirishia mizigo ndani ya niuroni, huacha kazi hiyo ikajisokota yenyewe kwa yenyewe. Lakini kuna wazee waliofariki na amiloidi tele kichwani, akili zao zikiwa sawa. Kinachoendana zaidi na kusahau ni kupotea kwa sinapsi, yaani pale niuroni moja inapoipokeza nyingine ujumbe. Niuroni inaweza kuwa bado hai, lakini haina wa kumpa habari. Hipokampasi, ambayo hutusaidia kuhifadhi mambo mapya, huguswa mapema. Ndiyo maana Cucu anakumbuka alivyochuma kahawa akiwa msichana, ila chai aliyokunywa sasa hivi anaikana. Na kusahau kwenyewe kunarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka. Kwake kumeshapita 2011.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Filamu zilisahaulika upesi. Hisia zilibaki, hata kwa wale ambao hawakukumbuka kitu. Kumbe ile kauli yetu ya nyumbani, "si atasahau tu," ni ya uongo. Anasahau sababu, anabaki na uchungu ambao hauna jina.

Basi nidanganye? Kant, mwaka 1797, aliandika kwamba hata muuaji akibisha mlangoni kumtafuta rafiki yako, usiseme uongo. Nilimsoma muhula mmoja kabla sijaacha chuo, na nikamwona ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali moja kila jioni. Baadaye nikagundua kwamba yeye mwenyewe, kabla ya kufa 1804, kumbukumbu zilimtoka. Ningempata aliyekuwa akimtunza, ningekuwa na maswali.

Shangazi alisema: mwambie anakuja. Nikajaribu. "Yuko njiani, Cucu." Alifurahi, wacha nikiri, alifurahi sana. Akapakua chakula cha Guka, akakifunika na sahani, akaenda kukaa langoni. Ilikuwa Julai. Saa mbili usiku bado alikuwa pale, baridi ikimwingia, akikataa kuingia ndani. Nilikuwa nimemtoa kwenye msiba nikamtia kwenye kungoja, na kungoja nako ni hisia, haiishi kwa kusahauliwa. Na tuseme ukweli: ule uongo sikuusema kwa ajili yake. Nilikuwa nimechoka, nilitaka nirudi kwenye simu yangu.

Siku hizi akiuliza, mimi pia humuuliza: "Leo alienda kufanya nini?" Hapo anaanza. Baiskeli ya Guka, madeni ya Guka, vile alivyoimba vibaya kanisani bila aibu. Anacheka. Wakati mwingine swali linayeyuka humo humo, na mimi naona nimefaulu, kumbe pia nimemkwepa.

Wiki jana alikatiza hadithi katikati, akanikazia macho. "Wewe kijana, unanizungusha. Yuko ama hayuko?"

Nilikaa kando yake nikamshika mkono kwanza. "Hayuko, Cucu."

Alinyamaza. Machozi yalitoka kidogo. Sikuuachilia mkono wake mpaka giza likaingia na mtu akawasha stima. Ndipo akageuka, akanitazama kama mgeni anayemfahamu kidogo, akaniuliza kama nimekula.