Ni Nani Astahikiye Kusifiwa?

Kila watu wana mizani yao ya heshima. Atakaye kuijua asisikilize tu yasemwayo mimbarini. Na atazame ni nani apishwaye mbele arusini, ni nani asimamiwaye barazani, na ni nani aulizwaye hali akikosekana siku mbili.

Sisi watu wa mwambao twazijua baraza zetu. Akiingia mwenye majumba, watu husimama, ijapokuwa hapana ajuaye mali yake ilivyopatikana. Akipita hamali na mkokoteni wake, au topasi aliyeamka alfajiri kuondoa uchafu wetu, salamu yake hujibiwa nusu. Na watoto wamekaa pale pale wakitazama. Mtoto wa mvuvi aonaye baba yake akidharauliwa hahitaji kuambiwa ya kwamba kazi ya halali ni aibu, amekwisha fundishwa. Kisha twashangaa vijana wakikimbilia mali ya haraka, hata iwe ya kuuza unga uuao wenziwao. Tusishangae. Wafuata mizani waliyoikuta.

Mizani hiyo haikuletwa na dini yetu, bali dini ilikuja kuivunja. Qur'ani yatusimulia ya kwamba wakubwa wa kaumu ya Nabii Nuhu walikataa kumfuata kwa kisingizio kuwa wafuasi wake ni watu duni. Nabii Daudi alifua chuma kwa mikono yake, Nabii Zakaria alikuwa seremala, na Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira. Na katika Madina alikuwako mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa akifagia msikiti. Alipofariki, Masahaba waliliona jambo lake dogo, wakamzika pasina kumjulisha Mtume. Mtume alipomkosa aliuliza, na alipoambiwa amekufa aliwalaumu kwa kutompa khabari, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia. Tazameni: heshima ile haikuwa ya nishani wala hotuba. Ilianza kwa kumkosa na kuuliza yuko wapi.

Mji wetu nao una somo lake. Mombasa hula kwa bandari, na bandari husimama kwa mikono ya wafanyao kazi. Jambo hili lilidhihirika Januari 1947, walipogoma watu wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, kwa muda wa siku kumi na zaidi. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hawakushika silaha, mikono iliyotulia ndiyo iliyokuwa hoja yao, na walioizoea bila kuiona waliiona siku hiyo. Baadaye mishahara ya wengi ikaongezwa. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa chama chao, alikamatwa Agosti 1947 akahamishwa mbali kwa miaka mingi. Hakuwa mwana wa pwani, lakini insafu yatulazimu kumtaja. Je, ni watoto wangapi wa Majengo na Makupa walijuao jina lake, au jina la hata mmoja katika wale makuli?

Serikali yenyewe imekubali kuifikiri upya mizani hii. Tarehe 20 Oktoba iliyokuwa Siku ya Kenyatta, Katiba ya 2010 iliifanya Siku ya Mashujaa, ili sifa isiwe ya mmoja peke yake. Hilo ni jema, lakini siku moja katika mwaka haitoshi kutengeneza kilichoharibiwa na baraza siku zote nyingine.

Huenda mtu akasema: "Je, mwataka kuwatukana matajiri?" Hasha! Sayyidna Uthman alikuwa tajiri, naye alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa Waislamu. Lakini kilichomsifu ni kisima, si mkoba. Wala hatusemi kuwa umaskini peke yake ni fadhila. Fundi afanyaye hiana katika kazi yake hana sifa kwa kuwa mikono yake ina sugu. Twasema hivi: mtu na apimwe kwa manufaa ayaletayo na uaminifu anaoutia katika kazi yake.

Na tujihadhari na sifa isiyogharimu kitu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, wauguzi waliitwa mashujaa kila mahali. Ilipofika Disemba mwaka huo, wauguzi wa Kenya waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Jina zuri halimkingi mtu na maradhi, wala halilipi kodi ya nyumba. Amwitaye kibarua wake shujaa, kisha akamzungusha kwa ujira wake, amemdhulumu mara mbili: amemnyima haki, na amemtaka ashukuru.

Basi, ndugu zetu, tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Tumlipe mtu ujira wake kabla hajaja kuudai. Walimu wa vyuo wawaeleze watoto kazi za Manabii, ili mwana wa mvuvi ainue kichwa. Arusini, hamali na topasi wapewe nafasi pamoja na watu, si nyuma ya jiko. Na afagiaye msikiti wetu akikosekana, tusingoje mpaka tusikie amezikwa. Tuulize siku ile ile.

Wabillahi taufiq.