Barua ya Kudaiwa Mshahara

Ndugu zangu Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ijumaa ya leo nataka kusema na watumishi wa serikali waliomo katika safu hizi, na mama zetu na dada zetu wanaosikiliza upande wa pili: walimu, wauguzi, maafisa wa kaunti, na wale wanaotayarisha mishahara yenyewe. Kuna barua ambayo baadhi yenu mmekwisha kuipokea. Inasema ulilipwa zaidi ya stahili yako tangu mwezi fulani, jumla ni kadhaa, na makato yataanza mwisho wa mwezi. Mwalimu alihamishwa kutoka eneo la mazingira magumu akaletwa mjini, na posho ya mazingira magumu ikaendelea kuingia. Muuguzi alikaimu cheo, muda wa kukaimu ukaisha, posho isisimame. Afisa alipandishwa daraja kwa waraka, kisha wakaguzi wakasema waraka ule ulisomwa vibaya. Hakuna aliyeiba hapo. Lakini barua imefika, na nyumbani kuna karo, kodi ya nyumba na mkopo wa sacco.

Nasema wazi: mtumishi huyu ana haki ya kupinga, wala asiambiwe kwamba kupinga ni utovu wa nidhamu au ukosefu wa shukrani. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Serikali inapomdai mtu inasimama mahali pa mdai, na ukubwa wake hauiondolei mzigo huo. Bwana mmoja alimjia Mtume kudai deni lake kwa maneno makali, maswahaba wakataka kumwadabisha. Mtume akawazuia, akasema mwenye haki ana maneno yake. Kama aliye bora wa viumbe aliruhusu kusemeshwa namna ile, mkuu gani wa idara atakasirika kuulizwa hesabu?

Afrika Kusini jambo hili lilifika mpaka Mahakama ya Katiba. Daktari mmoja wa hospitali ya umma mkoani Gauteng aliambiwa na idara ya afya kwamba mshahara wake ulipandishwa kimakosa, na kwamba anadaiwa mamia ya maelfu ya randi. Yeye hakukubali. Idara ikaanza kumkata tu, kwa kutegemea kifungu cha 38 cha Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 1994. Chama cha watumishi kikamsimamia. Mwezi Desemba 2017 mahakama ile ikaamua kwamba sehemu ya kifungu iliyoiruhusu serikali kukata bila ridhaa ya mtumishi na bila kwenda mahakamani ni batili, kwa kuwa inamfanya mdai ajihukumie mwenyewe na kujilipa mwenyewe. Uamuzi ule ni wa haki, na nimeufurahia.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mahakama haikutamka kwamba ile pesa imekuwa halali. Ilichosema ni kwamba serikali ikitaka kulipwa, ipatane na mtumishi au ithibitishe dai lake mbele ya hakimu. Njia ya kudai ndiyo iliyokataliwa. Swali la nani mwenye mali linabaki palepale lilipokuwa. Na hapa ndipo Muislamu anapotofautiana na mtu anayetafuta ushindi tu. Mama wa Waumini Ummu Salama amepokea, na hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema yeye ni binadamu, watu wanamletea magomvi yao, na huenda mmoja akawa na ulimi hodari kuliko mwenzake, akamhukumia kwa anayoyasikia. Aliyehukumiwa apewe haki ya ndugu yake asiichukue, kwani anakatiwa kipande cha moto. Haya ni maneno ya Mtume juu ya hukumu yake mwenyewe! Itakuwaje hukumu iliyopatikana kwa sababu idara imepoteza faili, au wakili wao hakutokea siku ya kesi?

Kwa hiyo kabla hujaandika pingamizi, chukua hati zako za mshahara uzisome mwezi baada ya mwezi peke yako, Mola wako akikuona. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Je, uliona ile posho? Ulijua kwamba muda wake umekwisha? Kama hukujua, huna dhambi, ila deni lipo. Kama ulijua ukanyamaza, basi jikumbushe hadithi ya Adiyy bin Amira katika Sahihi Muslim: tuliyempa kazi akatuficha sindano au zaidi yake, huo ni wizi wa amana atakaokuja nao Siku ya Kiyama. Bwana mmoja wa Ansari alipoyasikia hayo alisimama papo hapo akaomba kuvuliwa kazi aliyopewa.

Nimesikia maneno mengi yanayotumiwa kuinyamazisha dhamiri. Wengine husema pesa imekuja yenyewe, ni riziki. Wengine husema mali ya serikali haina mwenyewe, na hali ni mali ya mgonjwa anayekosa dawa na mtoto anayekaa chini darasani. Lakini liko neno moja lenye uzito, nalo sitalipuuza: serikali hiyohiyo ina malimbikizo yangu, nilipandishwa cheo nisilipwe, nimejifidia. Ndugu yangu, huenda ukawa mkweli kabisa. Basi andika. Taja ziada uliyopokea, taja na malimbikizo unayodai, uombe hesabu zikutanishwe. Haki inayodaiwa waziwazi ina heshima. Kujifidia kimyakimya kunakuacha ukiwa mdai, shahidi na hakimu, jambo lilelile tulilolikataa kwa serikali.

Nanyi mnaoandika barua hizi, mko hapa pia. Msimpelekee mtu tarakimu moja pasipo mchanganuo wa miezi. Angalieni kama mnamdai fedha iliyofika mkononi mwake au pamoja na kodi iliyokwisha kukatwa. Kanada, mfumo wa mishahara uitwao Phoenix ulioanza mwaka 2016, uliokusudiwa kuwalipa watumishi karibu 290,000, uliwapunja wengine na kuwazidishia wengine, na waliozidishiwa wakatakiwa warudishe hata pesa ambayo haikupata kuingia katika akaunti zao, mpaka sheria ya kodi ikarekebishwa mwaka 2019. Hapa Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara uliolipwa zaidi kimakosa, lakini makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Hicho ni kikomo cha sheria. Suratul Baqara, aya ya 280, inataka zaidi ya hapo: mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Kosa la hesabu lilitoka ofisini kwenu, basi msiyamalize kwa mwezi mmoja makosa ya miaka mitatu.

Leo baada ya sala, mwenye barua ya namna hii asiondoke nayo mfukoni. Wamo wahasibu humu na wamo mawakili, na nimewaomba wabaki ukumbini. Njooni na hati zenu zote za mshahara, hata zile zinazowaonyesha kuwa mnadaiwa.