Haya Mbele ya Kaunta

Sokoni Kongowea, Mombasa, hakuna bei isiyobishaniwa. Mama aliyetoka Mtopanga na kikapu chake atawapita wauza nyanya watatu kwa sababu ya shilingi kumi, na hakuna atakayemwona bahili. Muuzaji akimpunja chenji, ataitwa papo hapo kwa sauti inayofika hadi kwenye mikungu ya ndizi. Mama huyo huyo akiingia benki na kukuta salio limepungua shilingi mia tatu asizozielewa, sauti humshuka. Kijana aliye nyuma ya kioo akimwambia, "Hiyo ni sistimu, mama," yeye hujibu, "Haya mwanangu, ahsante," akashika njia.

Si woga mtupu. Sokoni mabishano ni sehemu ya salamu, na pande zote mbili zinazijua kanuni zake. Benki kuna askari mlangoni, namba ya foleni, fomu ya Kiingereza, na watu kumi nyuma yako wanaotazama saa. Tena Pwani mtu hulelewa akiambiwa kwamba muungwana hagombanii vijisenti mbele za watu. Na makato yenyewe yakiwa yametokana na ovadrafti, kuyalalamikia ni kutangaza kwamba akaunti ilikauka. Kwa Mwislamu anayeikwepa riba, aibu hiyo huwa maradufu. Gulf African Bank na First Community Bank zilipoanza mwaka 2008 kwa misingi ya sharia, wengi wa Mombasa walizipokea kwa moyo mmoja, lakini mshahara wa mtu hupitia benki aliyopangiwa na mwajiri wake, na huko hakuulizwa maoni.

Changamwe, penye wafanyakazi wa bandari, wa maghala na wa malori, hesabu ya makato hayo inafahamika vyema. Mshahara ukichelewa siku mbili, agizo la kulipa mkopo hukuta akaunti tupu. Hapo huja faini ya agizo lililokwama, halafu ada ya mwezi, halafu riba ya siku ambazo salio lilikuwa chini ya sifuri. Mshahara ukiingia, hufukia shimo kwanza. Kila kato ni dogo, na udogo huo ndio unaoyakinga: nani atapoteza nusu siku ya kibarua akafuatilie shilingi mia na themanini? Jibu la kweli ni kwamba hakuna, mpaka zijumlishwe za miaka mitatu.

Ajabu ni kwamba sheria ya Kenya iko upande wa mteja kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinaikataza benki kupandisha viwango vya ada na gharama zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Kwa miaka mingi benki zilishikilia kwamba riba haimo katika gharama hizo. Mwaka 2024, katika kesi kati ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu ilisema imo. Kuna pia kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Mkopo ukishaacha kulipwa hadi kuhesabiwa kuwa mbovu, riba inayodaiwa tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi cha deni kilichokuwa kimebaki wakati huo. Aliyebakiwa na shilingi 80,000 hawezi kudaiwa juu yake riba ya zaidi ya shilingi 80,000, hata ikipita miaka kumi; kinachoweza kuongezwa ni gharama za kulifuatilia deni. Na miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2013 kuhusu ulinzi wa wateja inaitaka benki itoe taarifa siku 30 kabla ya kubadilisha ada.

Tofauti na Uingereza inachekesha kidogo. Huko, kati ya mwaka 2006 na 2007, wateja kwa maelfu waliziandikia benki zao wakidai warudishiwe faini za ovadrafti, na benki nyingi zikalipa kimya kimya kuliko kwenda kortini. Kesi kubwa ilipofika Mahakama ya Juu, Novemba 2009, benki zilishinda: majaji walisema faini hizo ni sehemu ya bei ya huduma, kwa hiyo mamlaka ya biashara ya haki haikuwa na nafasi ya kuzipima kama ni bei ya haki au la. Yaani Waingereza walipiga kelele wakiwa na sheria hafifu, na wengi wao wakarudishiwa pesa. Mkaazi wa Kisauni amewekewa kifungu kinachomtaka Waziri aidhinishe nyongeza yenyewe, naye anasema ahsante mwanangu.

Kudai kwenyewe hakuhitaji ujuzi wa ajabu. Mtu huomba taarifa ya akaunti yake, si ya mwezi mmoja bali ya miaka, pamoja na orodha rasmi ya ada za benki, kisha akakaa na kalamu. Anachotafuta ni ada isiyo kwenye orodha, ada iliyokatwa mara mbili kwa jambo moja, kiwango kilichopanda bila taarifa, bima ambayo hakuiomba, riba iliyopita kikomo cha 44A. Barua inayofuata haihitaji Kiingereza cha wakili: tarehe ya kila kato, kiasi chake, sababu ya kulikataa, na jumla inayodaiwa. Nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni wa lazima kuliko ufasaha wa barua, maana malalamiko ya mdomo kwenye kaunta hayaachi alama yoyote.

Benki ikikaa kimya, malalamiko huenda Benki Kuu, ambayo ina tawi katika kisiwa cha Mombasa, Nkrumah Road. Mtu wa Likoni anayevuka kwa miguu halipi nauli ya feri, ingawa jasho la mteremko halina ruzuku. Malalamiko yakishindikana Benki Kuu, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Kwa mikopo mikubwa ya biashara, ambako riba imeviringana miaka mingi, hapo ni busara kumlipa mhesabu anayeijua kazi hiyo. Kuchelewa nako kuna bei yake, kwani madai ya mkataba kwa kawaida hufungwa baada ya miaka 6.

Hata hivyo, si kila kato ni dhuluma, na anayedai kila kitu hupoteza hata kile cha haki. Mfano ulio karibu na kila mtu ni Fuliza, ovadrafti ya M-Pesa iliyoanzishwa Januari 2019 na Safaricom pamoja na KCB na benki ambayo sasa ni NCBA. Ada zake hutangazwa na mteja hujiunga kwa hiari. Katika viwango vilivyoanza kutumika Oktoba 2022, aliyefuliza zaidi ya shilingi 2,500 hulipa asilimia 1 mwanzoni na shilingi 25 kila siku, mbali na ushuru. Shilingi hizo 25 ni zile zile kwa aliyechukua 3,000 na kwa aliyechukua 60,000. Kwa mwezi mzima, wa kwanza hulipa ada ya siku yenye thamani ya robo ya deni lake. Wa pili hulipa senti 125 kwa kila shilingi mia. Mwenye duka Nyali anapunguziwa, muuza samaki wa Mtongwe anabebeshwa. Kulisema hilo waziwazi ni haki ya kila mtu, lakini kuliandikia barua ya kurudishiwa ni kazi bure, maana ndivyo walivyokubaliana.

Penye uzito zaidi ni pale pesa zilizoliwa zinapokuwa si za mwenye simu. Likoni, michango ya mazishi, ya harusi na ya chama hutumwa kwenye namba ya mweka hazina. Kama namba hiyo ina deni la Fuliza, kila shilingi inayoingia hukatwa deni kwanza. Sanda ya maiti wa jirani inalipia unga wa wiki iliyopita wa mtu mwingine. Mweka hazina hakuiba, wala hakubonyeza kitu, lakini pesa ya watu ilikuwa amana, na wanachama wana haki ya kumtaka airudishe yote, pamoja na kile ambacho simu ilikimeza. Chama kinachotaka kuepuka fitina hiyo kina njia rahisi: kumtaka mweka hazina ajitoe Fuliza kabla ya kukabidhiwa kazi, jambo linalowezekana akishamaliza deni, au kusajili laini nyingine isiyojiunga nayo, ambayo taarifa yake husomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.