Je, Kumpa Mtoto Khiyari ni Kumharibu?

Tumeulizwa katika darsa yetu swali linalozungumzwa sana mabarazani: je, yafaa mzee wa Kiislamu amlee mwanawe kwa hii njia ya kumwachia achague kazi yake, ajifanyie mambo yake kwa mkono wake, wala asitishwe kwa bakora? Wako wasemao kwamba hiyo ni njia ya Wazungu ya kuvunja heshima ya wazee. Na wako walioikimbilia kwa sababu hiyo hiyo, kuwa yatoka kwa Wazungu. Makundi yote mawili yamekata hukumu kabla ya kusikiliza shahidi.

Basi tuanze na asili yake. Bibi Maria Montessori alikuwa Mtaliana, aliyezaliwa mwaka 1870 na akasomea udaktari. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa mafakiri mjini Roma. Watoto hao walikuwa wakiachwa mchana kutwa bila mwangalizi, wazee wao wako kazini, nao wakichafua kuta na ngazi. Akawawekea viti na meza za kimo chao, na vifaa vya kushika kwa mkono: vyombo vidogo vya kumiminia maji, vitambaa vya kujifunzia kufunga vifungo, na vipande vya mbao ambavyo kila kimoja kina tundu lake. Mtoto akikitia kipande katika tundu lisilokuwa lake, mbao zenyewe zamjulisha kosa, na mwalimu hana haja ya kukaripia. Herufi nazo zilikatwa katika karatasi ya msasa, mtoto akazipitishia kidole kabla ya kushika kalamu.

Na khiyari yenyewe si ile wanayoidhania watu. Mtoto huchagua miongoni mwa kazi alizokwisha onyeshwa. Akimaliza hurudisha kitu mahali pake. Wala haachiliwi kumuudhi mwenziwe. Watoto wa miaka mitatu hukaa na wa miaka sita, mkubwa akimfunza mdogo. Aliyesoma katika vyuo vyetu vya zamani ataitambua sura hii: kila mtoto na ubao wake na kadiri ya fahamu yake, mmoja yuko kwenye herufi na mwenziwe ameshafika Yasini, na wakubwa wakiwasikiliza wadogo. Kilichozidi kwetu ni kikoto.

Ama katika dini yetu, jambo hili si geni hata kidogo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walezi wawajaribu mayatima, na wakiona kwao uwongofu wa akili wawakabidhi mali yao. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho sisi Mashafii twakisoma kila darsa, ameeleza namna ya kujaribu. Mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa katika kununua na kuuza, na wa mkulima katika ukulima. Mwanamke hujaribiwa katika kusokota pamba na katika kuhifadhi chakula kisiliwe na paka. Msomaji asicheke: aliyeweza kumzuia paka ameweza jambo. Na jaribio halitoshi mara moja, lazima likariri. Na wakati wake, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ni kabla ya kubaleghe. Apatane bei mwenyewe, na ikifika kufunga mauzo, mlezi ndiye afunge. Tazama fiqhi hiyo ilivyopima, mtoto akapewa uwanja na mlezi akashika mlango!

Tena imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, na kuliani kwake yuko mvulana, kushotoni wako wazee. Akamtaka ruhusa yule mvulana ili aanze na wazee. Mvulana akakataa kuiachilia fungu lake kutoka kwa Mtume, naye akampa yeye. Hakumwambia kuwa hana adabu. Ni wangapi kwetu ambao mtoto akiwajibu hivyo mbele ya wageni angesalimika na kofi?

Watasema: na hadithi ya kuamrishwa sala katika mwaka wa saba na kupigwa katika mwaka wa kumi? Twaikubali. Sala haina khiyari, wala haramu haina khiyari, na mwenye kudai kwamba mtoto ataachiwa achague hata dini yake hatuko pamoja naye. Lakini hesabuni vizuri: baina ya saba na kumi pana miaka mitatu ya kuamrisha, kukumbusha na kusali naye bega kwa bega. Sisi tumeiruka miaka hiyo mitatu, tukampiga wa miaka mitano kwa kukosea herufi, kisha tukamsingizia Mtume. Ibn Khaldun ameeleza katika Mukaddima yake kwamba mtoto alelewaye kwa ukali hufunzwa uvivu, uwongo na hila, kwa kuuogopa mkono wa mwalimu. Na hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekwisha kataza kipigo katika skuli.

Wala hatuhitaji kwenda Roma kutafuta mfano. Mwaka 1986 zilianzishwa hapa Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, madrasa za watoto wadogo ambazo baadaye zilienea Zanzibar na Uganda. Mtoto husoma humo dini na maisha pamoja, akicheza kwa vitu vya kwetu, na hakuna aliyetoka humo akawa kafiri. Ama skuli zinazotundika jina la Montessori mlangoni, mzee aingie atazame. Jina hilo halina mwenyewe, na karo kubwa si dalili.

Lakini ugonjwa wetu mkubwa uko nyumbani. Kijana wa miaka ishirini hajui kuosha kikombe alichonywea, nguo yake hufuliwa na dada yake mdogo, na akitumwa sokoni hununua kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Kisha twamwoza, tukashangaa ndoa ikivunjika kabla ya mwaka. Mama aliyemvisha viatu mpaka darasa la sita alifanya kwa mapenzi, hatuna shaka, lakini amemnyima lile jaribio ambalo hata yatima ni haki yake.

Na akikosea? Wafasiri wa Minhaji wamesema kwamba mali ya yatima aliyopewa kwa kujaribiwa ikipotea mkononi mwake, mlezi halipi, kwa kuwa ameamrishwa kumpa. Hiyo ni mali ya yatima, ambayo vitisho vyake mnavijua. Sasa mtoto wako amepotezewa shilingi kumi dukani, na mkono wako umeshafika juu.