Kioo Kipya Sebuleni



Bwana wetu Yesu Kristo, alipotaka watu wajue gharama ya kumfuata, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo mwenye akili, kama asimuliavyo Mtakatifu Luka katika sura ya 14, huketi kwanza na kufanya hesabu, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, wapita njia wakamcheka. Wengi wetu tumezoea kulisikia fundisho hili kwa habari ya wito na msalaba, na ndivyo ilivyo. Lakini Mwalimu wetu hakuchagua bure mfano wa nyumba na fedha. Alijua ya kuwa mtu asiyeketi kwanza katika mambo madogo hataketi katika makubwa.

Leo twataka kuongea nanyi juu ya jambo moja la nyumbani, nalo ni kununua runinga mpya, ile ya kioo bapa. Yawezekana msomaji wetu mmoja akauliza: Je, gazeti la Kanisa limekuwa duka? La, hasha. Ila twaona chombo hiki ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote katika sebule nyingi za wakristo wetu, na ndicho kinachosema zaidi kuliko baba, mama na katekista wakiwekwa pamoja. Kitu cha namna hiyo hakifai kuchaguliwa kwa dakika tano mbele ya kaunta.

Tutazameni Kilwa Kivinje, mji mdogo wa pwani katika Jimbo la Lindi. Minada ya ufuta inapomalizika, fedha huja kwa mkupuo mikononi mwa wakulima, na baadaye huja zile za korosho. Ndipo mabasi yatokayo Dar es Salaam huanza kushusha maboksi mapana hapo Nangurukuru, baada ya safari ya kilomita zipatazo 300. Mwenye boksi hulishika njia nzima kama mama amshikavyo mtoto mgonjwa. Akifika nyumbani, ile runinga ya zamani yenye chogo huondolewa mezani na kusukumwa uvunguni, na watoto wa mtaa mzima hujazana dirishani. Furaha hiyo hatuilaumu. Mtu aliyevuna kwa jasho lake ana haki ya kustarehe pamoja na wanawe.

Wala Mama Kanisa hakupata kukiita chombo hiki kazi ya shetani. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pius XII aliandika barua yake kuu *Miranda Prorsus* juu ya sinema, redio na televisheni, akavihesabu vyombo hivyo kuwa ni vipaji vya Mungu kwa njia ya akili za wanadamu, tena akawaonya wazazi. Wakati huo hapakuwa na televisheni hata moja iliyorusha picha kutoka Tanganyika. Zanzibar ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1970, na huku Bara tulingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha picha Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1994 Mtakatifu Yohane Paulo II aliielekeza barua yake ya Siku ya Upashanaji Habari Duniani katika jambo hilihili, televisheni na familia. Alisema kwa maana hii: chombo hiki chaweza kuijenga familia na chaweza kuibomoa, na wazazi ndio wapangaji wa nini kitazamwe na lini kizimwe. Basi sisi hatuwezi kusema hatukuonywa. Tulionywa kabla hata ya kuona.

Sasa tuketi tuhesabu. Tuanze na ukubwa, kwa maana hapo ndipo watu wengi hudanganywa na macho yao. Dukani ukumbi ni mpana na dari liko juu, na runinga ya inchi 55 huonekana ya kiasi tu. Inchi hizo hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo: inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, inchi 55 ni sentimita 140. Mtazamaji apaswa kuketi mbali na kioo kiasi cha mara moja na nusu ya kipimo hicho, hadi mara mbili. Sasa fikiri juu ya nyumba za Kivinje. Katika zile nyumba za kale za mawe, ambazo nyingi zimekwisha bomoka, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na kwa hiyo vyumba vyake ni virefu na vyembamba, aghalabu havifiki mita tatu kwa upana. Nyumba nyingi za udongo na miti nazo hazina sebule kubwa kuliko hiyo. Ukitoa nafasi ya viti na meza, jicho la mtoto litakuwa mita moja na nusu tu kutoka kwenye kioo. Katika sebule kama hiyo inchi 32 zatosha kabisa, na 43 ndiyo mwisho. Anayeweka 55 hapo amenunua sifa ya majirani, na shingo za wanawe ndizo zitakazolipa.

Tena, ukuta wa udongo, au wa mawe na chokaa ya zamani, haushiki misumari vizuri. Runinga iliyotundikwa hapo ipo siku itaanguka. Iwekwe juu ya meza imara, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, mbali na dirisha lielekealo baharini, maana hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani bila kelele. Na kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kile kifaa kidogo cha kulinda nguvu za umeme chastahili kununuliwa siku ileile. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na hasara. Dukani agiza kiwashwe mbele yako, tazama kioo chote kikiwa cheupe, kisha kikiwa cheusi, uone kama kina doa au mstari. Uliza kama kina king'amuzi ndani yake au utanunua cha pembeni, kwa kuwa tangu mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, runinga bila king'amuzi ni sanduku tu. Dai risiti na hati ya dhamana. Safarini boksi lisimame wima, lisilazwe. Juu ya majina ya vioo, hiki cha LED na kile cha OLED, hatuna maneno mengi: cha pili kina weusi mzuri zaidi na bei kubwa zaidi, na cha kwanza chaitosha nyumba ya mkulima na ya mwalimu.

Inayofuata ni bei, na hapa twasema kwa huzuni. Wako watu ambao, wakiona fedha ya mavuno haitoshi kwa kioo wanachokitamani, hukimbilia ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Jina hilo latosha kuwa mahubiri. Mume huchukua mkopo bila kumwambia mkewe, au mke huweka dhamana vyombo vya ndani bila kumwambia mumewe, na baada ya miezi michache mkopeshaji huja kuichukua runinga pamoja na kitanda. Mnara uliowekwa msingi tu! Enyi akina baba, mkeo ni mwenzako kwa Sakramenti. Ketini wawili, andikeni kwenye karatasi chakula cha hadi mavuno yajayo, matibabu, sare na madaftari, mbegu, na sehemu ya Kanisa. Mkate wa mtoto usiwekwe rehani kwa ajili ya picha. Kinachobaki baada ya hayo ndicho kipimo cha runinga yenu. Kisipobaki kitu mwaka huu, ile yenye chogo haijaacha kuonyesha.

Lakini haya yote, wapenzi, ni hesabu ya mguu mmoja tu wa mnara. Kuna swali ambalo muuzaji hawezi kulijibu: kioo hiki kitachukua nafasi ya nini?

Kivinje ni mji wa baraza. Mbele ya nyumba ya mpwani kuna kiti cha jiwe au cha udongo kilichojengwa pamoja na ukuta, na hapo jioni mzee huketi na wajukuu, wavuvi hupeana habari za upepo, na jirani apitaye husalimu, naye hukaribishwa. Hapo ndipo kijana hujifunza kunyamaza mkubwa asemapo, na ndipo magomvi mengi hutatuliwa kabla hayajafika kwa mtendaji. Sasa nyumba nyingi baraza ni tupu kuanzia magharibi. Watu wamo ndani, wamekaa safu moja kama abiria wa basi, kila mmoja akitazama mbele. Baba hajui kwamba binti yake amelia leo shuleni. Mama hajaulizwa kwa nini hakula. Hakuna dhambi iliyotendwa ambayo mtu angeiungama, na hata hivyo jioni nzima imekwisha chukuliwa.

Kivinje ni bandari ya zamani. Katika karne ya 19 misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilimalizikia hapo, na baadhi ya shehena zilizopita ufukweni pale, ole wetu, zilikuwa ni wanadamu. Watu wa bandari wajua ya kuwa shehena hufunguliwa na kukaguliwa pwani, kabla haijaingia mjini. Kwa nini basi shehena ya picha iingie hadi katikati ya nyumba bila kufunguliwa na mtu yeyote? Matangazo ya kamari humjia kijana katikati ya mpira, yakimwambia kuwa utajiri ni wa kubahatisha, siku ileile baba yake aliporudi shambani mgongo ukimuuma. Runinga hizi mpya zijiungazo na intaneti humpa mtoto wa miaka minane kila kitu ambacho dunia imepata kukipiga picha. Zina namba ya siri ya kufungia yasiyofaa. Wazazi wengi hawajapata kuiweka, na wengine wamemwachia mtoto aiweke yeye!

Twawashauri hivi. Kioo kiwe kimoja, nacho kikae sebuleni, kisiingie chumbani kwa watoto. Sala ya jioni itangulie taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wala isingoje baadaye, kwa kuwa baadaye ni usingizi. Wakati wa chakula kizimwe kabisa. Kupunguza sauti peke yake hakutoshi. Na jioni moja au mbili katika juma mlango ufunguliwe, watu watoke barazani.

Kuna na jirani. Wakatoliki wa Kivinje ni wachache, na nyumba zao zimegusana na nyumba za Waislamu, ambao wamekuwa majirani, wakwe na wafiwa wenzao miaka mingi. Kuta ni nyembamba. Sauti ya runinga yako wakati wa adhana, au usiku wa Ramadhani mwenzako anapoomba, humwambia jirani huyo juu ya dini yako jambo ambalo mahubiri ya Padre hayawezi kulifuta upesi. Pia watoto wake watakuja kutazama katuni kwako. Wakaribishe, na uwe mwangalifu kwa watakayoyaona kama ulivyo kwa wanao, kwa sababu wazazi wao wamekuamini. Na pakiwa na habari ya kuwafaa wote, fungua dirisha. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia pwani hii, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilipita katika runinga na redio, na kila aliyesikia alikuwa na wajibu wa kumwambia asiyesikia. (Na msiitupe redio ya betri. Mafuriko yaliyokata barabara pale Somanga hayakuuliza nani ana kioo kikubwa.)

Wengine hutuuliza juu ya Misa katika runinga. Mwenye afya na miguu, ambaye kanisa liko karibu naye, hatimizi amri ya Jumapili kwa kuketi kitini mbele ya kioo. Kwa mgonjwa na mzee asiyeweza kutoka ni jambo jingine kabisa, nalo ni faraja kubwa. Mtakatifu Klara wa Asizi, usiku mmoja wa Noeli, alikuwa mgonjwa mno hata hakuweza kwenda kanisani pamoja na masista wake, na yasimuliwa kwamba Mungu alimjalia kuiona na kuisikia ibada ile akiwa kitandani pake. Kwa sababu hiyo Papa Pius XII alimweka awe msimamizi wa televisheni.

Yatupeleka hayo kwenye ile runinga yenye chogo iliyosukumwa uvunguni. Isiuzwe kwa bei ya chuma chakavu. Ikiunganishwa na king'amuzi kwa zile nyaya za rangi tatu bado hufanya kazi, na katika kila kigango yuko bibi mmoja asiyeweza kutembea hadi kanisani. Apelekewe, na kijana mmoja akae naye hadi ajue kuiwasha na kuizima. Kisha Padre aarifiwe jina na nyumba, apate kumpelekea Komunyo.