Mfuko Uliovutwa Hewa na Amana ya Muuzaji

Kufunga samaki wa moshi katika mfuko wa plastiki na kuvuta hewa yote ni kazi ya ufundi, lakini ndani yake mna swali la dini: mnunuzi anayemwona samaki bila kuweza kumnusa wala kumbonyeza, je, amekijua anachokinunua? Swali hili lina uzito kisiwani Mafia. Wakazi wake wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na samaki wao wengi huliwa mbali, baada ya kuvushwa kutoka Kilindoni hadi Nyamisati na kufika Dar es Salaam.

Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imamu Nawawi (aliyefariki 1277) kilichosomeshwa sana pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kisichoonekana hakusihi. Kuona sehemu hutosha ikiwa inaonyesha hali ya kilichobaki, kama uso wa lundo la nafaka. Ganda la yai au la komamanga nalo halibatilishi mauzo, kwa kuwa limeumbwa lihifadhi kilichomo. Plastiki haikuumbwa na samaki. Muuzaji ndiye aliyeiweka. Inaonyesha umbo na rangi, hivyo sharti la kuona hutimia, lakini inazuia harufu, kipimo ambacho mnunuzi wa samaki hukitegemea kuliko vyote.

Penye kasoro iliyofichika, fiqhi humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa. Hadithi aliyoipokea Muslim inaeleza jinsi Mtume alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Lakini hiari ya kurudisha haimfai aliyekwisha kula. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi pasipo oksijeni, na aina inayohusishwa zaidi na samaki huweza kukua kwenye ubaridi wa nyuzi 3.3 za Selsiasi bila kuacha harufu mbaya. Moshi wa nyumbani hauwezi kutegemewa kuua spora zake. Kwa sababu hiyo mwongozo wa mamlaka ya chakula ya Marekani unataka samaki wa moshi aliyefungwa bila hewa awe na chumvi isiyopungua asilimia 3.5 katika maji yaliyomo nyamani, na bado akae kwenye jokofu.

Mfuko wenyewe huchaguliwa kwa tabaka na unene. Ulio bora una nailoni nje, inayozuia oksijeni na kuhimili michomo, na polithini ndani, inayoshikana kwa joto. Minofu hutoshwa na unene wa maikroni 70 hivi. Samaki mzima, ambaye moshi umekausha mapezi na miiba yake, huhitaji maikroni 100 au zaidi. Mashine ndogo inayovuta hewa mdomoni mwa mfuko hutaka mfuko wenye michirizi, ili hewa ipate njia. Mashine ya chemba hutumia mfuko laini.

Kuna pia haki ya wasiohusika na mauzo. Tangu 1 Juni 2019 Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, lakini vifungashio vya chakula viliachwa. Ruhusa hiyo haimalizi wajibu. Nailoni iliyogandishwa na polithini ni ngumu kurejelezwa, na maji ya Mafia yamebeba hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa 1995. Kanuni ya kutodhuru na katazo la israfu vinataka mfuko usizidi kimo cha samaki wala unene anaouhitaji.

Hukumu basi hufuata hali ya muuzaji. Mwenye chumvi iliyopimwa na baridi isiyokatika anaweza kufunga bila hewa, mradi aandike tarehe na sharti la jokofu, kwa kuwa amemnyima mnunuzi matumizi ya pua na sasa anadaiwa maelezo. Asiye na barafu ya uhakika, karatasi au kapu vinamfaa zaidi: hewa hupita, samaki akiharibika ukungu na harufu humfichua, na mnunuzi hubaki na uwezo wa kukataa.